UZI: Norman Bethune, daktari wa jeshi aliyepona mabomu ya vita tatu akaja kufa kwa kidonda cha kidole. Wana Mbeya mliokulia TAZARA njooni

Tabibu_Isyonje (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Huku kwetu baridi imekaza, mvua haitaki kukata, nikasema leo niushushe huu uzi ambao nimeuchelewesha mno.

Kuna daktari mmoja Mkanada anaitwa Norman Bethune. Kapita vita ya kwanza ya dunia, kapita vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania, kapita vita ya Wachina na Wajapani, risasi na mabomu vyote vimemkosa au vimemparaza tu, halafu mwishoni mwa Oktoba 1939 yuko anampasua majeruhi harakaharaka kwa sababu adui anakaribia, kisu kikamkata kidole cha mkono wa kushoto. Kidonda cha kufunga kitambaa ukaendelea na kazi, na ndicho alichofanya. Alfajiri ya 12 Novemba akafia kwenye nyumba ya mwanakijiji mmoja huko milimani, kijiji cha Huangshikou mkoa wa Hebei, ana miaka 49.

China leo mtoto wa shule ya msingi anamjua. Kwao Kanada kwa miaka mingi hawakutaka hata kumsikia mana alikuwa mkomunisti, mpaka 1972 ndo serikali yao ikamtambua rasmi, tena wakati huo Kanada ndo imetoka kufungua ubalozi na Beijing, kwahiyo mnaweza kuunganisha nukta wenyewe. Huku kwetu wanaomjua ni wazee wa reli ya TAZARA waliofanya kazi na Wachina, na wao wanamjua kwa jina la Kichina, Bai Qiu'en.

Wengi wanaomsimulia wanamfanya malaika. Mimi ni tabibu, nimemsoma kwa jicho la mtu wa kazi hiyohiyo, na malaika simuoni. Jamaa alikuwa mgomvi, mtu wa chupa kwa vipindi, ndoa imemshinda mara mbili tena na mwanamke yuleyule. Ila alikuwa na jambo moja kichwani ambalo hakuliachia mpaka anakata roho, kwamba majeruhi wengi hawauawi na risasi, wanauawa na safari ya kutoka walipopigiwa mpaka alipo daktari. Maisha yake yote ya vita ni mtu anapigana na hiyo safari.

Nashusha kwa vipande, msinikatishe sana.

Parachichi_Dume

Siti ya mbele kabisa, nina na mahindi ya kuchoma.

Mama_Wawili_Soweto

Soweto ya Mbeya tupo, tiririka kaka.

Tabibu_Isyonje

Kazaliwa 4 Machi 1890 mji mdogo wa Gravenhurst, Ontario. Baba yake mchungaji wa Kipresbiteri, watu wa kuhamahama kwa ajili ya makanisa. Babu yake alikuwa daktari wa upasuaji Toronto na ndo jina alilorithi. Kabla ya udaktari kafanya kazi kwenye makambi ya wakata mbao, mchana anapiga shoka na wenzake, jioni anawafundisha kusoma na kuandika, wengi wao wahamiaji wasiojua Kiingereza. Watu wa Sao Hill mtaelewa hayo makambi yanakuwaje.

1914 vita inaanza, anaacha chuo anajiandikisha, anapelekwa kubeba machela. Sio udaktari, machela. Unaingia kwenye tope na mwenzako mnambeba mtu anayelia, mnatoka naye, mnarudi kuchukua mwingine. 1915 pale Ypres, Ubelgiji, kipande cha bomu kikampiga mguu, akarudishwa kwao, akamaliza udaktari 1916 na hakutulia, akaenda tena, safari hii jeshi la majini la Uingereza.

Mimi nadhani hapo kwenye machela ndo pa kumuelewea. Daktari aliyeanzia chumba cha upasuaji anamuona mgonjwa akiwa ameshafika. Huyu aliwaona ambao hawakufika.

Kamwene_Mafinga

Kamwene wakuu. Mleta mada usinielewe vibaya, uzi mzuri, ila hivi mpaka lini tutasimuliana habari za wazungu wa huko? Vita hiyohiyo ya 1914 imepita hapa kwetu. Malangali hapa Mufindi walipigana Julai 1916, jeshi la Waingereza la Jenerali Northey limetoka Nyasaland likachukua Tukuyu, likapanda mpaka Iringa wakaingia mwishoni mwa Agosti. Na nani alibeba mizigo? Babu zetu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 wanakadiriwa kufa, na sio kwa risasi, ni kuhara damu, malaria na njaa. Nenda makaburi ya vita pale Iringa mjini uone majina ya nani yamechongwa.

Tabibu_Isyonje

@Kamwene_Mafinga wala hatugombani. Tena umenisaidia, mana wapagazi hao ni ushahidi wa ninachokisema. Yule mtu hakupigwa risasi, alikuwa anaharisha, ameshushwa mzigo pembeni ya njia, na daktari wa jeshi yuko mbele huko na askari. Kilichomuua ni umbali na kutohesabiwa. Ukifungua uzi wa wapagazi wa Malangali mimi wa kwanza kuchangia, na usichelewe, wazee wanaisha.

Naendelea.

Baada ya vita anaingia upasuaji, anaoa 1923, mke anaitwa Frances, Mskochi, anaenda kufungua kazi Detroit. Mwanzoni hana hela, baadaye anapata wateja wenye nazo, anaanza kuishi kitajiri. 1926 kifua kikuu kikamshika, mapafu yote mawili. Miaka hiyo TB hakuna dawa wakuu, streptomaisini ni mpaka miaka ya 1940. Tiba ilikuwa kulala kitandani, kula vizuri na hewa ya mlimani. Akalazwa hospitali ya TB ya Trudeau, Saranac Lake, Marekani, kibanda kimoja na wagonjwa wenzake. Akamwambia mkewe aombe talaka akaishi maisha yake. Ukutani akachora picha za maisha yake toka tumboni kwa mama mpaka kwenye mikono ya malaika wa mauti, na chini akachora makaburi yao wote wa kile kibanda.

Sasa akiwa kitandani anasoma, akakuta kuna tiba ya kupuliza hewa kwa sindano kati ya ubavu na pafu ili pafu lisinyae lipumzike, kidonda kipate nafasi ya kufunga. Madaktari wa pale waliona ni hatari, yeye akakomaa afanyiwe. Akafanyiwa 1927 na akapona. Akamrudia Frances, wakaoana tena 1929, wakaachana tena 1933. Hapo sina la kusema.

Parachichi_Dume

Hahaha kapona TB mwanamke kamshinda. Mkuu hii si chai kweli?

Mama_Wawili_Soweto

@Parachichi_Dume acha utoto, watu tunasoma.

Tabibu_Isyonje

Kuanzia hapo akawa mpasuaji wa kifua, Montreal, kwanza hospitali ya Royal Victoria halafu Sacré-Coeur. Vyombo vilivyokuwepo havimfai akawa anatengeneza vyake. Mkasi wake wa kukatia mbavu, inasimuliwa wazo lake alilipata kwa fundi viatu, na mpaka leo watengeneza vyombo wanauuza kwa jina lake. Wenzake waliona ana haraka mno kwenye meza ya upasuaji, na waliomlaumu hawakuwa wajinga.

Ila jambo lililombadilisha ni kwamba anampasua mtu, anapona, anarudi kwenye chumba kimoja chenye unyevu na watoto sita, mwakani anarudi na TB ileile. Akaandika waziwazi kwamba kuna TB ya tajiri na TB ya maskini, tajiri anapona maskini anakufa. 1935 akaenda Urusi kwenye mkutano wa kitaalamu, akaona wanavyohudumia TB, karudi kajiunga chama cha kikomunisti, na 1936 yeye na wenzake Montreal wakapeleka pendekezo matibabu yawe haki ya kila mtu chini ya serikali. Madaktari wenzake walimuona kichaa. Miaka 30 baadaye, 1966, Kanada ikapitisha sheria ya matibabu kwa wote.

Mdau_wa_Uyole

Hapo ndo ninapopata shida mkuu. Ukomunisti huo. Huyu Bethune ametengenezwa na Mao, ni propaganda tu, Mao aliandika kakaratasi kamoja ka sifa na Wachina wakalazimishwa kukariri. Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Tabibu_Isyonje

@Mdau_wa_Uyole kakaratasi ni kweli, 21 Desemba 1939, mwezi mmoja na kidogo baada ya kifo. Na kukariri ni kweli, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kila Mchina ilibidi akijue. Ndo mana nimesema malaika simuoni. Ila propaganda haiwezi kuunga mfupa wa paja. Subiri tufike huko uone alichofanya kwa mikono yake, halafu utoe yako.

Hispania kwanza. Novemba 1936 anafika Madrid, mji umezingirwa na jeshi la Franco, jenerali aliyeasi serikali. Wanamwambia achague hospitali. Anazunguka anaona majeruhi wanafika wameshaishiwa damu, daktari anabaki kushangaa maiti. Akasema sitaki hospitali, nataka gari. Akaenda London akanunua Ford, akapakia friji, jiko la kuchemshia vyombo, chupa, kila kitu. Madrid wakatangaza redioni watu wachangie damu, wakajitokeza foleni mpaka mtaani. Damu inachanganywa na sitreti isigande, inawekwa kwenye chupa baridini, na gari linaipeleka mstari wa mbele usiku bila taa.

Nitende haki hapa: hakuwa wa kwanza. Barcelona kulikuwa na daktari Mkatalani, Frederic Duran-Jordà, alishaanza kuhifadhi damu na kuisafirisha mstari wa mbele kabla yake, na kitaalamu alikuwa mbele zaidi. Bethune alichofanya ni kulisimamisha jambo hilo Madrid kwa muda mfupi sana na kulipanua.

Februari 1937 mji wa Malaga ukaanguka, watu makumi ya maelfu wakatoka kwa miguu barabara ya pwani kwenda Almería, kilomita kama 200, kushoto milima kulia bahari, ndege na meli zinawapiga humohumo njiani. Bethune alikuwa anaenda na damu. Akakutana na ule msururu, watoto wamevimba miguu, akashusha kila kitu garini akaanza kubeba watu. Siku tatu mchana na usiku yeye na wenzake wawili kwenda na kurudi. Mwanzoni akasema watoto tu. Jaribu kusimama kwenye mlango wa gari uwaambie akina mama watoto tu. Akaishia kubeba yeyote asiyeweza kutembea.

Na hapohapo Hispania ndo akaharibu. Pombe, kufokea watu, kugombana na madaktari wa Kihispania na watu wake mwenyewe, mpaka wakamrudisha Kanada katikati ya 1937 kistaarabu, eti akachangishe fedha.

Mzee_wa_Karakana

Vijana hamjambo. Nimeletewa huu uzi na mjukuu wangu, nikasema nichangie kidogo.

Tabibu_Isyonje

Shikamoo mzee wangu. Karibu sana, wewe ndo tuliyekuwa tunakusubiri.

Mama_Wawili_Soweto

Shikamoo babu.

Mzee_wa_Karakana

Marahaba wanangu. Mimi niliingia reli ningali kijana, wakati kipande cha Mlimba kupanda Makambako ndio kinawatesa watu, mahandaki mengi ya njia hii yako hapo. Baadaye nikahamia karakana ya Mbeya hadi nikastaafu. Wachina wa wakati ule sio hawa wa maduka mnaowaona. Walikaa kambini, wanalima mboga zao wenyewe, jioni wanakaa kwenye benchi wanasoma kwa sauti wote pamoja. Walikuwa na zahanati yao na na sisi tulitibiwa humo bure, kuna sindano zile nyembamba za kuchoma mgongoni, mimi zilinisaidia kiuno.

Huyo mtu mnayemsema picha yake ilikuwa ukutani humo zahanati. Mzungu ana upara na ndevu, ameinama anapasua mtu, amevaa ndala za kamba za Kichina. Nikamuuliza daktari wao kwa Kiswahili chake kile, huyu mzungu ni bwana mkubwa wenu? Akacheka sana, akanyanyua kidole akakipitisha kama anakikata, akasema Bai Qiu'en, kazi, kidole, kufa. Mimi nilidhani alikatwa kidole na mashine. Sijui kisa chenyewe mpaka leo ninaposoma hapa.

Na wao walikufa. Zaidi ya 60 wamezikwa Gongo la Mboto pale Dar. Wengine tuliwabeba wenyewe.

Kamwene_Mafinga

Mzee hapo umenigusa. Huu uzi nimeukubali.

Tabibu_Isyonje

Mzee nakushukuru mno. Hiyo picha ni maarufu, ilipigwa wakati anapasua kwenye kihekalu cha kijijini mwaka huohuo wa 1939.

Sasa China. Januari 1938 anapanda meli Vancouver na nesi Jean Ewen, aliyekuwa anajua Kichina, mwisho wa Machi wako Yan'an, makao makuu ya wakomunisti wa China. Akaonana na Mao, akaomba apelekwe mbele kabisa. Wakampeleka eneo la mpaka wa Shanxi, Chahar na Hebei, nyuma ya mistari ya Wajapani, jeshi la Nie Rongzhen.

Hali aliyoikuta: majeruhi wamelala kwenye vibanda vya udongo, bandeji zimefuliwa zikatumika zikafuliwa tena, usaha, chawa. Wanaoitwa madaktari wengi ni vijana wa kijijini waliofundishwa miezi michache. Kwanza akafoka, ndo tabia yake. Halafu akaanza kufundisha. Seremala wa kijiji akafundishwa kuchonga vifaa vya kunyooshea mguu uliovunjika, mhunzi koleo na vibanio. Akaandika kitabu cha mwongozo na michoro kwa ajili ya hao vijana. Watu walipoogopa kutoa damu, akalala yeye kwanza akatolewa, kundi O, ikapandikizwa kwa majeruhi mbele yao. Baada ya hapo wanakijiji wakaunda kikosi cha wachangiaji. Posho maalumu ya yuan 100 kwa mwezi akaikataa.

Septemba 1938 alifungua hospitali ya mfano kijiji cha Songyankou. Akaifurahia sana. Wajapani wakaja wakaiteketeza muda si mrefu. Hapo ndo akarudi kwenye hoja yake ya Madrid, kwamba jengo halina faida kwenye vita ya msituni, hospitali inabidi itembee. Akabuni tandiko la mbao la kuweka mgongoni kwa nyumbu (sio wa Serengeti jamani, wale wa kuzaliwa na punda na farasi), likishushwa na kufunguliwa ni chumba cha upasuaji kizima, meza, dawa, vyombo, vifaa vya kufungia vidonda. Aprili 1939 kwenye mapigano ya Qihui, Hebei ya kati, yeye na timu yake walifanya oparesheni 115 ndani ya saa 69. Bomu likaanguka karibu ukuta ukabomoka, hakutoka.

@Mdau_wa_Uyole haya sasa.

Mdau_wa_Uyole

115 kwa saa 69? Hapo mkuu hata mimi nimekaa kimya. Ila Mao simsamehe.

Sista_Thieta

Habari zenu. Mimi nesi wa chumba cha upasuaji, nimesoma kimyakimya toka mwanzo. Saa 69 kusimama sio mchezo, sisi tukipata oparesheni nne za uzazi za dharura usiku mmoja asubuhi miguu haiingii kwenye viatu.

Swali langu, glavu zilikuwa wapi? Na baada ya kujikata kwanini hakukaa pembeni? Sisi ukijichoma sindano unaacha hapohapo, unaosha, unaandikisha, unaanzishiwa dawa. Japo kusema ukweli kuna mahali nilishawahi kufanya kazi, sipataji, tulikuwa tunahesabiana glavu.

Tabibu_Isyonje

Sista hilo ndo swali lenyewe. Glavu hazikuwepo, ziliisha na njia za kuingiza vifaa zilizibwa. Alikuwa anapasua mikono mitupu. Na alikuwa yuko mbioni kurudi Kanada kuchangisha fedha za dawa na vifaa, Wajapani wakaanzisha mashambulizi ya majira ya baridi, akasema naahirisha kwanza. Akajikata kwenye ile haraka, akatumbukiza kidole kwenye dawa, akafunga, akaendelea. Siku chache baadaye akaletewa askari ana uambukizi mkali wa kichwani na shingoni, wa kusambaa. Daktari mwenye kidonda kibichi kidoleni hatakiwi hata kumgusa mgonjwa wa hivyo, sote tunajua, na yeye alijua kuliko sisi. Akampasua.

Baada ya hapo ni kile tunachokiona wodini. Kidole kinavuta, uvimbe unapanda kwenye kiwiko, jipu kwapani, homa inapanda na kutetemeka, kutapika. Akalazimisha kupanda farasi awafuate majeruhi kule ilikosikika wanapigana, akiwa na homa, akaagiza wote wenye majeraha ya kichwa na tumbo waletwe kwake hata kama amelala waamshe. Mwisho wakamgeuza kwa machela. Yule aliyeanza vita kwa kubeba machela.

Dawa? Penisilini Fleming aliiona 1928 lakini mtu wa kwanza kutibiwa nayo kwa uambukizi wa namna hiyo ni 1941 kule Oxford, polisi mmoja, akapata nafuu, dawa ikaisha, akafa. Dawa za salfa zilishaingia sokoni miaka ya 1930 katikati ila milimani kule kuzipata ilikuwa bahati. Leo kidonda kile ni vidonge vya wiki moja.

Sista_Thieta

Kwahiyo alijua. Sipendi kabisa hii tabia ya kumsifia mtu kwa kujiua na kazi. Kwenye mafunzo tunaambiwa mhudumu akifa wagonjwa wake wote wamebaki yatima. Angekaa pembeni siku kumi angeokoa wangapi tena?

Tabibu_Isyonje

Sista mimi niko upande wako zaidi ya unavyodhani. Ila uweke na hili: eneo lile lote lenye mamilioni ya watu, madaktari wa upasuaji waliosomea walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Akikaa pembeni yule askari wa shingo hana mwingine. Mimi nishakaa na mama kutoka vijiji vya huko juu kuelekea Kitulo, kaletwa kwa machela ya mianzi na blanketi, wanaume wanapokezana mteremko mzima kwenye utelezi, wamefika wamelowa matope hadi mapajani, na mtoto ameshakaa vibaya, na gari la rufaa la kituo kimoja nisichokitaja halina mafuta. Ukiwa kwenye hali hiyo kanuni unaijua kabisa, na mkono unaenda wenyewe. Sisemi ni sawa.

Mama_Wawili_Soweto

Mimi nimezaa mtoto wa kwanza kwa safari kama hiyo, ila sisi tulipata bajaji kuanzia njia panda. Endelea kaka, aliacha mke? Watoto?

Tabibu_Isyonje

Watoto hakuwa nao. Siku ya mwisho alimwandikia barua kamanda Nie, na hiyo barua ndo inanipa shida kuliko kitu chochote kwenye habari zake, kwa jinsi ilivyo ya kawaida. Anagawa vitu. Vitanda viwili vya kukunja na jozi mbili za viatu vya Kiingereza uchukue wewe Nie na mkeo. Vyombo vya upasuaji wagawane madaktari fulani na fulani. Mpishi wake na kijana wake wa kazi wapewe kitu. Anaomba Kanada wamtumie hela za kujikimu Frances, yule mtalaka wake, mana yeye anawajibika kwake. Halafu anarudi kazini: kila mwaka nunueni kwinini kiasi hiki na vidonge vya madini ya chuma kiasi hiki kwa ajili ya wagonjwa wa malaria na upungufu wa damu, na msinunue dawa tena Baoding wala Tianjin, bei ya huko ni mara mbili ya Shanghai na Hong Kong.

Mtu anakufa, anakumbuka bei ya dawa. Huyo ndo daktari wa jeshi ninayemuelewa mimi.

Mzee_wa_Karakana

Hata yule daktari wa zahanati alikuwa hivyohivyo, anahesabu vidonge kimoja kimoja, ukichukua viwili anakufuata hadi nje.

Uhindini_Damu

Mkuu umemsahau mmoja. Baada ya Bethune kufa walimpata Mhindi, Dwarkanath Kotnis, wa Solapur. 1938 chama cha Congress cha India kilipeleka madaktari watano China, wengine wakarudi nyumbani yeye akabaki, akawa mkuu wa kwanza wa hospitali iliyopewa jina la Bethune. Akajifunza Kichina mpaka kuandika. Akaoa nesi wa palepale, Guo Qinglan, 1941, wakapata mtoto wa kiume wakamwita Yinhua, yaani India na China. Mtoto hajafikisha hata miezi minne, 9 Desemba 1942, kifafa kikamuua baba yake. Ana miaka 32 tu. Wote wawili makaburi yao yako Shijiazhuang. Marehemu babu yangu alikuwa na duka hapa Uhindini na picha ya Kotnis ilikaa juu ya kaunta, wateja wakidhani ni ndugu yetu.

Kamwene_Mafinga

Miaka 32 jamani. Huyo ndo anaumiza zaidi ya Bethune.

Parachichi_Dume

Nimefuta utani wangu wote. Kotnis naye aletwe.

Tabibu_Isyonje

@Uhindini_Damu sikumsahau, nilimuweka akiba, ila wewe una na picha ya kaunta kwahiyo nakuachia. Fungua uzi wake mwenyewe tusichanganye habari, na @Kamwene_Mafinga afungue wa wapagazi wa Malangali. Mimi kesho nina zamu ya usiku nitapita asubuhi. Mods huu msiufunge, mzee bado hajatueleza ya mahandaki ya Mlimba, na Sista ana hasira na mimi bado hajamaliza.

Sista_Thieta

Sijamaliza kabisa. Nikitoka zamu narudi na hoja ya glavu.